Buko Wangu Ndani ya Miwani

Filme ya ndoa ya binti yetu mkubwa naijua kwa masikio kuliko kwa macho. Kila Mwaka Mpya, watu wakisha kula, wanaiweka kwenye televisheni, na mimi nakaa mbele kabisa, maana nyumba ni yangu, matofali yake niliyachoma mwenyewe hapa Naviundu, Lubumbashi. Naangalia bibi harusi anaingia, naangalia pasta, naangalia keki. Halafu wanawake wa Kasenga wanaanza wimbo wao wa kuleta mabeseni ya zawadi. Hapo nasimama, natoka nje. Naenda kuangalia mbwa, naenda kutikisa mlango wa lupango, ua wa nyumba yetu, hata kama hauna neno. Wimbo ukiisha, mtu mmoja anaita, "Papa, ilishapita," narudi kwenye kiti changu.

Aliyepita ni mama mkwe wangu. Kwetu tunamwita buko. Buko haangaliwi usoni. Ukikutana naye njiani unaingia majanini, na yeye anageuka, anavuta kitenge juu ya kichwa. Huli mbele yake, naye hali mbele yako. Siyo chuki, ni heshima iliyo kubwa kuliko salamu. Inakwisha siku moja tu, siku ukoo wa mke unapokuita na kukuingisha. Wanapika, wanakuketisha, buko anafunua uso, mnakula pamoja, na kutoka hapo yeye ni mama yako kabisa.

Mimi hawakuniingisha. Mwanzo baba mkwe alikufa. Kisha barabara ya Kasenga ikawa mbaya. Kisha wao wakasema mkwe mwenyewe haombi, na mimi nikasema mwanamume hajiingizi kama mbuzi aliyeona mlango wazi. Mke wangu nilimpata hapa mjini, mama yake alikuwa kule Kasenga, kando ya mto Luapula, kwa hiyo sura yake sikuwahi kuijua. Nilijua mgongo wake. Nilijua miguu yake, kwa sababu macho yangu yalikuwa chini. Vijana wanacheka mambo haya. Wacheke. Wengi wao wanagombana na mama mkwe kwenye simu kila wiki.

Mimi shule niliacha primaire ya tatu. Kazi yangu ni kuunga chuma, wanatuita soudeur, na karakana yangu iko mtaa wa Kenya hapa mjini, nyuma ya soko. Nilianza na kuokota mabaki ya vyuma, leo tembea mtaa ule, gonga milango: mingi nimeitengeneza mimi. Sikupata kitu kwa kubebwa. Ndiyo maana desturi ya buko niliishika barabara. Mtu ambaye hakusoma ana mambo machache ya kushika, basi ayashike vizuri.

Mwaka huu, mvua zilipokwisha, mjomba wa mke wangu alipiga simu kutoka Kasenga. Yeye ni ndugu mdogo wa buko, na sasa ndiye mkubwa wa ukoo. Hakuzunguka.

"Dada yangu macho inaanza kufunga," alisema. "Anaona, lakini ni kama muntu mwenye kuangaria mu moshi. Anasema anataka kuona muko wake kabla haiyakuwa giza. Mukuye, tukuingishe."

Muko ni mkwe, ndiye mimi. Nilifurahi. Sikuonyesha, lakini nilinunua viatu.

Katika ukoo ule kuna jambo moja. Kabla ya kufunua uso, mjomba anauliza mbele ya wote: mlishaonana? Kama mmeonana bila kuingishwa, kazi inasimama palepale. Mkwe anarudi kwake, anatafuta mbuzi na kitambaa cheupe, wazee wanaitwa upya, na wazee hawakai haraka. Mwaka unaweza kupita. Buko wangu hakuwa tena na macho ya kungojea mwaka.

Sasa nije kwenye miwani.

Binti yangu, huyo wa filme, kazi yake ni kupiga picha za ndoa na kuzitengeneza. Safari hii alikuja na mashine mpya yenye miwani. Alitaka kuwaambia watu wa Lubumbashi: leteni filme zenu za zamani, tutawarudisha ndani ya siku ile, mkiwa nyumbani kwenu, kwenye viti vyenu. Alitaka mimi niwe wa kwanza kujaribu. Alisema Papa hasifu kitu kwa kumpendeza mtu. Hilo ni kweli.

Miwani naijua, ya kuunga chuma nimeivaa maisha yangu yote. Ile inapunguza, hii inaongeza. Unaona chumba chako kama kilivyo, viti, kabati, kalenda ukutani, lakini watu wa filme wanasimama ndani yake, wakubwa kama watu. Filme ya zamani ni bapa kama karatasi. Kuna mashine yenye kuwaza, wanaiita akili bandia, inaichukua filme ile na kuipa mbele na nyuma, inawatoa watu ukutani na kuwatembeza sebuleni kwako. Alinieleza hivyo, nami nimekieleza nilichokielewa.

Nilimuuliza jambo moja tu.

"Na kambo yako?" Maana nyanya yao wanamwita kambo.

"Papa, minajua," akasema. "Wimbo ya mabeseni ikianza tu, minaikata."

Nikakaa. Ilikuwa Jumapili mchana, tumetoka kanisani. Akanivalisha, na nikaona ndoa ndani ya nyumba yangu. Sisemi picha ya ndoa. Bibi harusi alipita kati ya kiti na meza, gauni lake likagusa goti langu na goti halikusikia kitu. Keki ilikaa juu ya meza kama vile niliinunua asubuhi ile. Nikanusa, haikuwa na harufu. Nikajiona mwenyewe nimesimama karibu na kabati, suti ya rangi ya majivu, tumbo sina.

"Ule kijana ni nani?" nikauliza.

"Ni bwana moja alikuwa anajivuna sana," binti yangu akasema.

Mke wangu alikuwa jikoni. Akajibu kutoka hukohuko, "Alikuwa? Aliacha siku gani?"

Sikutaka kukubali upesi, lakini ilikuwa tamu. Rafiki zangu waliokufa walinipita na bilauri mkononi. Mmoja wao alisimama mbele yangu akirekebisha tai, karibu nimwambie imepinda.

Halafu nikasikia wanawake wanacheka nyuma yangu. Wimbo wa mabeseni ulikuwa bado, kwa hiyo sikuwa na hofu. Na tena nilikuwa nimezoea televisheni, na televisheni haina nyuma. Ukiwa hutaki kuona unageuza kichwa, unaona ukuta, yamekwisha. Nikageuka nijue nani anacheka.

Kwenye kiti cha mke wangu alikaa mwanamke mzee, amevaa kitenge cha kijani chenye ndege wa manjano. Kitenge kile nilikinunua mimi mwenyewe, nikampa mke wangu ampelekee mama yake kwa siku ile. Katika ndoa nzima hakukuwa na mwingine aliyekivaa. Uso ulikuwa wazi. Ulikuwa karibu nami, ningeweza kuugusa bila kunyoosha mkono. Alinitazama machoni, akatabasamu.

Mimi mtu wa kuvua na kuvaa miwani kutwa nzima, nilisahau kwamba nimevaa miwani. Nilishuka kwenye sakafu, nikalala ubavu, nikapiga makofi polepole kama inavyofanywa mbele ya wakubwa, macho nimeyafumba. Lakini yalikuwa yameshaona. Jicho siyo mlango. Ukilifunga, aliyeingia hatoki.

Binti yangu akanivua kile kitu. "Papa, ni kizunguzungu?"

"Ni tumbo."

"Tumbo njo inakupigisha makofi?"

Nilienda kulala mchana kweupe.

Siku zilizofuata nilifanya kazi vibaya. Niliunga bawaba upande usiofaa, mlango mzima ukafunguka kuelekea ukutani, mteja akaniangalia kama mtu aliyeanza kuzeeka. Nilikuwa nawaza swali la mjomba. Ni swali fupi, na jibu lake ni fupi. Ningeweza kusema hapana, hakuna mtu mwingine aliyekuwa ndani ya miwani ile ila mimi. Lakini nilikuwa nimegeuza uso, nimeingia majanini, nimetoka nje ya salon, sebule yangu mwenyewe, tangu nikiwa kijana hadi nywele kuwa nyeupe. Siku ya mwisho niingie kwa buko na uongo mdomoni? Hapana. Na nikisema ndiyo, wazee wataahirisha, na siku watakapokaa tena yeye atafunua uso mbele yangu na hatauona wangu. Alichokiomba ni kuona.

Nikamwambia mke wangu kazi imekuwa nyingi, tuahirishe Kasenga kidogo.

"Macho ya mama haitangoya milango yako," akasema.

Aliweka chakula mezani kwa kishindo. Bukari yake, ugali wake ule, mimi siachi. Siku ile niliiacha, na sombe yake ya majani ya muhogo pembeni. Akavuta kiti, akakaa mbele yangu, jambo ambalo hulifanya akitaka vita.

"Sema," akasema.

"Nilimuona mama yako."

"Wapi? Mama eko ku Kasenga."

"Hapa. Pa kiti yako. Mu ile miwani. Uso wazi."

Mtu mwingine angecheka. Yeye hakucheka, amezaliwa ndani ya desturi ile. Alinawa mikono, akachukua simu, akamwita binti yetu, akamwambia aje na mashine yake na filme ya kweli, ile ya kwanza kabisa, na aje sasa.

Binti yangu alifika na uso wa mtu aliyevunja sahani ya mgeni.

"Papa, ile saa wimbo ilikuwa haiyaanza," akasema. "Mu filme ya kweli, ile saa kambo haonekane. Mashine njo ilimutia pale."

"Ilimutoa wapi?"

"Kamera iliangaria mbele tu. Nyuma, mashine inajaza yeye mwenyewe. Inaona mu mwisho ya filme kunakuya mama moja wa kitenge ya kijani, inawaza: uyu alikuwa mu nyumba toka mwanzo. Inamukarisha pa kiti."

"Na uso?"

"Kama kamera iliupata, inaweka ule. Kama haikuupata, inatengeneza yake."

Kwa hiyo neno lote lilikuwa hapo: kamera iliupata au haikuupata. Na mimi ndiye mtu pekee nyumbani mwangu ambaye hakuruhusiwa kwenda kutazama.

Nilitoka nje. Nikasimama karibu na mlango wa lupango, nikaisikiliza filme kama ninavyoijua. Pasta. Keki. Vigelegele. Wimbo wa mabeseni ukaanza, ukafika mwisho. Wakaurudisha. Ukaanza tena, ukakatika katikati, wakaurudisha. Jirani yangu alipita, akaniona nimesimama kwenye baridi bila koti.

"Papa, balikufukuza?"

"Ninangoya muntu," nikamjibu.

"Kumbe muntu eko ndani ya nyumba yako," akasema, akaenda zake.

Halafu nikasikia mke wangu anacheka. Kicheko chake huanza kama kikohozi, lazima umngojee kidogo. Akatokea mlangoni, miwani ile ameipandisha juu ya paji la uso.

"Ingia, papa. Ule wa mashine haiko mama."

"Uko na hakika?"

"Nilinyonya kwake, naweza kumukosa? Ule wako pua ni ya mama ya bwana harusi. Mashavu ni ya yule mwimbaji. Masikio sijue ilitoka wapi. Ulilala chini mbele ya bantu bengi pamoja."

"Na mama yako mwenyewe eko namna gani?"

"Utaenda kuona. Si njo juu ya ile banakuita?"

Binti yangu akanieleza walichokikuta. Katika filme nzima, buko hakugeuza uso mbele ya kamera hata mara moja. Kamera ikija, kitenge kinapanda juu ya kichwa. Kamera ikienda upande wa pili, beseni linahamia upande huohuo. Mwanzo wakafikiri ni bahati. Waliporudisha mara ya tatu wakaona kwamba mama yule alikuwa anaitazama kamera kutoka pembeni wakati wote, kama mtu anavyomtazama nyuki.

Nikakaa kwenye kiti changu. Buko alijua filme ile italala nyumbani kwangu. Alijua ataingia salon yangu kila watakapoiweka, basi akaniheshimu ndani yake, na hakumwambia mtu. Na mimi kila Mwaka Mpya nilikuwa natoka nje, naukimbia uso ambao haukuwepo.

"Na juu ya nini hamukuniambia?" nikauliza.

"Sisi tulizani tunamuona," mke wangu akasema. "Muntu wako unamujua kwa kutembea, kwa kitenge. Hauangarie kama uso iko."

Nikaomba bukari yangu. Ilikuwa imepoa na kukauka juu. Niliimaliza, nikaomba nyingine.

Binti yangu aliifuta sura ile kwenye mashine. Sasa familia ikimletea filme anaanza na swali: nani hamwangalii nani? Watu wa Kasai wana yao, watu wa Luapula wana yao, kila mtu ana wake wa kuheshimu. Waliotengeneza mashine hawakuiwekea swali lile. Siwalaumu, hawana buko.

Tukaenda Kasenga. Vumbi la barabara liliharibu viatu vyangu kabla hatujafika. Walinikalisha ndani ya nyumba, juu ya mkeka mpya, mke wangu kando yangu, wazee ukutani, na mbele yangu pazia limefungwa. Nyuma ya pazia kulikuwa na mtu anayepumua. Chakula kilikuwa kimefunikwa, harufu ya makobo, samaki wa mtoni, ilikuwa imejaa chumbani, na tumbo langu likanguruma mbele ya wote. Hakuna aliyecheka. Siku ile kila kitu ni cha heshima.

Mjomba akauliza, "Muko wetu, wewe na dada yangu, mulishaonana?"

Nilisema hapana, na ilikuwa kweli. Ningeweza kuishia hapo. Lakini sikutaka kubakiza hata tone, nikawaeleza yote: miwani, kitenge cha kijani, kiti cha mke wangu, sakafu, makofi. Nikawaeleza kwamba uso ule ulikuwa wa mashine. Mke wangu akathibitisha.

Mjomba akakuna kidevu. Mzee mmoja akamnong'oneza mwenzake. Nilimwona mjomba anapima, nikauona mwaka mzima unakuja, mbuzi na kitambaa cheupe na wazee wa kuitwa upya, na nikajuta kuwa na mdomo.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. Ilikuwa nyembamba, na haikuwa na haraka.

"Ule mwanamuke wa mashine, eko muzuri kunipita?"

Nilikuwa sijawahi kumjibu buko. Nikamtazama mjomba. Akanionyesha pazia kwa midomo yake: jibu.

"Eko na meno mingi, mama," nikasema.

Nyuma ya pazia mtu alianza kukohoa, na kikohozi kikageuka kicheko. Nikajua mke wangu alikitoa wapi. Wazee nao wakaachia.

"Basi haikuwa mimi," akasema. "Mudogo, fungula, miguu inaniuma."

Mjomba akafungua pazia. Buko alikuwa mfupi sana, mgongo wake ulikuwa umenidanganya. Uso mweusi, mwembamba, chale ndogo mashavuni, jino moja mbele, na nyusi zilizopanda juu kama za mtu aliyeulizwa swali la kijinga. Mashine isingeutunga uso ule.

Lakini yeye alikuwa anaangalia mahali ambapo sipo. Macho yake yalikuwa kando ya sikio langu.

"Humu giza," akasema. "Simama."

Akanishika mkono, akanivuta hadi mlangoni kwenye jua, mimi mtu mzima na viatu vyenye vumbi, akaniinua kidevu kama mtu anayechagua samaki. Alikaa hivyo. Niliona ukungu mweupe katikati ya macho yake, na niliogopa kwamba tumechelewa, kwamba moshi ulishakuwa ukuta.

Kidole chake kikapanda, kikagusa juu ya jicho langu la kushoto.

"Hapa uko na kidonda ya zamani," akasema. "Hakuna mwenye aliniambia."

"Ni cheche ya chuma, mama. Nilikuwa kijana."

"Inafanana na ndoano." Akageuka kwa waliokaa ndani. "Iko kama ndoano ya samaki. Minaiona."

Akaniangalia tena, kwa nafasi yake, paji, pua, ndevu nyeupe, hadi akashiba. Kisha akatuambia tunawe mikono.